Siri ya Picha ya Kale
Safari kutoka Bukavu hadi msitu wa Kahuzi

Mtu akisimama juu ya vilima vya Bukavu wakati wa mapambazuko, huuona mji kama mkono wa mtu uliozamishwa majini. Vidole vyake ni rasi tano ziingiazo katika ziwa Kivu, na juu ya kila kidole zimejaa nyumba, bustani na miti. Upande mmoja mto Ruzizi hutoka ziwani na kuanza safari yake ndefu ya kuteremkia Tanganyika. Ng'ambo yake ni nchi ya Rwanda. Ziwa lenyewe li juu sana, mita 1,460 kupita usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Bukavu ina ubaridi mtamu, na watu huvaa sweta katikati ya Afrika bila kuona ajabu. Alfajiri wavuvi hurudi na sambaza, wale samaki wadogo kama kidole, na akina mama huwapokea ufuoni na mabeseni yao. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Costermansville. Katika miaka ya 1950 ukarudishiwa jina lake la Bukavu.

Lakini leo sikukusudia kuwapeleka ziwani. Natugeuze nyuso zetu kaskazini na magharibi, kule mlima Kahuzi uinuapo kichwa chake juu ya mawingu. Huko nilikwenda pamoja na mpwa wangu kutafuta ufumbuzi wa siri moja. Safari hiyo tuliifanya miaka michache kabla ya Februari 2025, mwezi ambao mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa kundi la M23. Siku zile njia ya msituni ilikuwa wazi.

Picha katika gazeti kuukuu

Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, kijana mpole apendaye kusoma kila karatasi aionayo. Siku moja alinunua karanga sokoni Kadutu, akafungiwa katika ukurasa wa gazeti la kale la Kimarekani. Karanga alizila, karatasi akaitunza. Jioni akaniletea.

Ilikuwa picha ya gorila mkubwa aliyefungiwa ndani ya kizimba cha chuma na kioo. Mdomo wake ulikuwa umepindwa na kovu, hata akaonekana kama mtu acekaye kwa dhihaka. Mbele yake umati wa Wazungu wenye kofia ulisimama ukimkodolea macho. Maneno yaliyoandikwa chini yalikuwa yameraruka. Limebaki neno moja tu, lile ambalo kwa Kiswahili husemwa sarakasi.

"Mjomba," akaniuliza, "mwalimu ametufundisha kwamba gorila hawapatikani penginepo duniani ila Afrika. Je, huyu ni wa kwetu Kahuzi? Nani alimchukua? Na kwa nini anafungwa kama mwizi?"

Nikamweleza kwanza sarakasi ni nini. Ni kundi la watu wa michezo: wapanda kamba, warukaji, wachekeshaji na wafuga wanyama, ambao husafiri mji kwa mji. Hufika, husimamisha hema kubwa, huonyesha maajabu yao kwa fedha, kisha hung'oa hema na kwenda zao. Kule Marekani kundi lililokuwa kubwa kuliko yote liliitwa Ringling Bros. and Barnum & Bailey; lilisafiri kwa treni lake lenyewe, pamoja na tembo, simba na farasi. Lakini maswali yake matatu sikuweza kuyajibu. Nikamwambia, "Mwanangu, tutakwenda kuwauliza wenye msitu."

Njia ya Tshivanga

Tuliondoka Bukavu kabla jua halijachomoza. Gari lilifuata barabara ya kaskazini, ziwa likiwa kuliani kwetu, hata tukafika Miti. Hapo tukaiacha barabara kuu na kushika njia ya kushoto ipandayo milimani. Tukapita mashamba ya chai, mabichi kama zulia lililotandikwa juu ya vilima. Baada ya chai tukaona ukuta wa miti mikubwa na mianzi. Huo ndio mlango wa msitu. Kituo cha Tshivanga hakifiki mbali sana na mji, yapata kilomita 30 tu na ushei, lakini baridi yake ni ya nchi nyingine.

Hifadhi hii ya Kahuzi-Biega imepewa majina ya milima miwili: Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308, na Biega, mita 2,790. Mwaka 1937 Wabelgiji waliutenga msitu wa Kahuzi, na mwaka 1970 serikali ya Kongo ikaufanya kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1975 hifadhi ikapanuliwa kuelekea nchi ya chini ya magharibi, hata ikawa na eneo la kilomita za mraba 6,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia; na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Tulipewa waongozaji wawili: mlinzi wa hifadhi aliyevaa sare, na mzee mmoja Mtwa mwenye panga, mfuatilia nyayo. Mzee yule hakusema mengi. Aliinama, akagusa jani lililovunjika, akanusa, akaendelea. Kwa muda wa saa mbili tulitambaa chini ya mianzi, tukachomwa na upupu, tukateleza katika matope. Kisha akatuonyesha vitanda vya majani vilivyokandamizwa chini. "Walilala hapa usiku," akasema. "Hawalali mahali pamoja mara mbili. Kila jioni hutandika upya."

Kwa kitambo kidogo akainua mkono. Tukanyamaza. Matawi yakasogea, na hapo tukamwona dume mwenye mgongo wa fedha, mpana kama mlango wa kanisa, ameketi akimenya shina la mwanzi kwa adabu ya mzee anayekula bugali nyumbani kwake. Hatua chache nyuma yake alikuwapo mama, na kifuani pake mtoto mdogo mwenye nywele zilizosimama. Mtoto alitutazama, akajificha uso wake, akachungulia tena. Mpwa wangu akanishika mkono kwa nguvu. Hakuna aliyetutisha. Dume lilitutazama mara moja, likaona kwamba hatuna maana, likaendelea kula.

Mzee aitazama picha

Tuliporudi nyuma na kuketi juu ya gogo, mpwa wangu akatoa ile karatasi, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akaitazama sana, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu si wa msitu huu," akasema. "Tazama pua yake. Ina nyama iliyoshuka, na matundu mapana. Wetu wana uso mrefu, pua yao haiko hivi. Huyu simjui baba yake."

Mlinzi akathibitisha. Akatueleza kwamba gorila wa Kahuzi ni wa aina iitwayo gorila wa Grauer, kwa jina la Mwaustria aliyepeleka mifupa yao Ulaya. Ndio wakubwa kupita gorila wote, na hawapatikani ila mashariki ya Kongo. Mwenye picha ni wa aina ya magharibi, kule Kameruni, Gaboni na nchi jirani.

Baadaye nilisoma habari zake, nikaona kwamba mzee hakukosea. Gorila yule aliitwa Gargantua. Alichukuliwa mtoto kutoka Kameruni. Yasimuliwa kwamba melini baharia mmoja mwenye hasira alimmwagia tindikali usoni, na ndiyo asili ya lile kovu. Mwanamke mmoja wa Brooklyn alimlea; kisha mwaka 1937 akauzwa kwa sarakasi ya Ringling, ambayo wakati huo ilikuwa karibu kufilisika. Wenye sarakasi wakabandika picha zake miji yote, wakimtangaza kuwa kiumbe wa kutisha kuliko wote duniani. Watu wakamiminika, na fedha ikarudi. Kumbe kile kilichowatisha hakikuwa ukali wake, bali jeraha alilotiwa na mwanadamu! Alikufa mwaka 1949.

Tena kuna jambo litakalowashangaza ninyi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1941 sarakasi ilimletea Gargantua mchumba kutoka Kuba, alikokuwa amelelewa na bibi mmoja tajiri. Wakafanya karamu ya arusi kwa ajili ya magazeti. Wale wawili hawakupatana hata siku moja. Na jina la bibi arusi lilikuwa M'Toto. Ndiyo, neno letu lenyewe! Naye alikuwa ametekwa mchanga katika Afrika ya Ikweta, baada ya wawindaji kumwua mama yake. Wazungu waliokuja hemani walilitamka jina lile bila kujua maana yake. Sisi tungalilisikia, tungaliuliza mara moja: mtoto wa nani?

Aliyetoka kwetu

Mpwa wangu alifurahi kusikia kwamba mfungwa wa picha si wa Kahuzi. Lakini mlinzi akatikisa kichwa. "Usifurahi upesi, kijana. Wa Kivu nao walikwenda."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1925 mwindaji Mmarekani aitwaye Ben Burbridge, mtu wa Jacksonville katika jimbo la Florida, alikamata watoto wa gorila katika milima ya Kivu. Mmoja wao, jike mdogo, akampeleka kwao. Wakamwita Congo. Profesa Robert Yerkes wa chuo kikuu cha Yale, aliyekuwa akichunguza akili za nyani wakubwa, alisikia habari hiyo, akaenda kumtazama katika majira ya baridi ya 1926, na tena mwaka uliofuata.

Profesa alimpa Congo mafumbo. Alimtundikia chakula juu, akaweka masanduku karibu ili aone kama atayapanga na kupanda. Alimpa fimbo ya kuvutia tunda lililo mbali. Alizika chakula ardhini mbele ya macho yake, ili ajue kama atakumbuka mahali. Alimwekea kioo; Congo akakitazama kwa shauku kubwa, akitafuta nyuma yake ni nani aliyeko huko. Yerkes aliandika kwamba mnyama huyu si mkali wala mjinga. Ni mtulivu, mwenye kujizuia, asiyependa kuonyesha yaliyo moyoni mwake.

Kisha Congo akauzwa kwa John Ringling, mwenye sarakasi, akapelekwa Sarasota, mji wa Florida ambako kundi lile lilikuwa likipumzika wakati wa baridi. Yerkes akamfuata huko mara ya tatu, sasa akipima kumbukumbu yake. Akaona kwamba mengi aliyojifunza zamani hayakumtoka. Mwaka huo huo wa 1928 Congo alikufa, akiwa bado hajafikia utu uzima.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo penye siri ambayo hakuna profesa aliyeifumbua. Ikiwa Congo alikumbuka sanduku na fimbo, je, hakukumbuka mianzi? Je, hakumkumbuka aliyemnyonyesha? Mtoto wa gorila hunyonya miaka mitatu hata minne, na usiku hulala katika kitanda cha mama yake. Mama huzaa mmoja tu, na hukaa yapata miaka minne kabla ya kuzaa mwingine. Wala mama hamtoi mtoto wake kwa hiari, na dume hasimami kando akitazama. Kwa sababu hiyo, aliyetaka kumtwaa mtoto mmoja aliua kwanza wakubwa waliomlinda. Bei hiyo haikuandikwa katika tiketi ya sarakasi.

Tena angalieni ajabu ya mwaka ule. Mwaka huo huo wa 1925, mwezi wa Aprili, Mfalme Albert wa Ubelgiji alitoa amri ya kuanzisha hifadhi katika milima ya Virunga, kaskazini ya ziwa Kivu, ili gorila walindwe. Aliyemshauri ni Mmarekani mwingine, Carl Akeley, ambaye mwaka 1921 alikuja mwenyewe kuwapiga risasi gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha moyo wake ukageuka. Alirudi mwaka 1926, akafa huko huko mlimani, akazikwa Kabara. Wamarekani wawili, milima ile ile, miaka ile ile: mmoja alikuja na wavu, mwingine na majuto.

Msitu nao una majeraha

Isidhaniwe kwamba tangu hapo mambo yote yalikuwa mema. Hapa Kahuzi, Mbelgiji Adrien Deschryver na wafuatilia nyayo wa Kitwa walianza katika miaka ya 1960 kuwazoea gorila, wakiwaendea bila bunduki hata wasiwakimbie tena. Lakini hifadhi ilipoanzishwa na kupanuliwa, Batwa waliokuwa wakikaa msituni tangu mababu walitolewa, wakabaki pembeni bila mashamba. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Nilimtazama mzee wetu, ambaye aliujua kila mti wa msitu ule na hakuwa na ruhusa ya kulala chini ya hata mmoja, nikaona aibu.

Kisha vikaja vita. Maheshe, dume aliyejulikana na wageni wa nchi nyingi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Gorila wa upande wa milimani, waliohesabiwa 258 mwaka 1990, walikuwa 130 tu ilipofika mwaka 2000. Watu wenye njaa na watu wenye silaha waliingia msituni, na wanyama wakalipa pamoja na wanadamu.

Yaliyofichwa kijijini

Tulipokuwa tukishuka kuelekea Miti, mpwa wangu alinyamaza sana. Nilidhani amechoka. Mwisho akasema, akitazama magoti yake:

"Mjomba, kuna jambo. Nilimwahidi rafiki yangu kwamba sitasema."

"Ikiwa ni jambo la kumdhuru mtu, ahadi hiyo haikufungi," nikamjibu.

Basi akanieleza. Nyumbani kwa rafiki yake, katika kijiji cha kando ya ziwa, mlikuwa na mtoto wa sokwe amefungwa kamba kiunoni nyuma ya jiko. Baba wa nyumba alimnunua kwa mwindaji kwa huruma, maana alikuwa akilia. Watoto wa jirani walikuwa wakilipa peremende ili waingie kumtazama. Na juzi mgeni alikuja, akaahidi kurudi na fedha nyingi.

"Nilipoiona ile picha," akasema, "nilimwona yeye."

Kumbe swali lake halikuwa la gazeti! Sarakasi ndogo ilikuwa imesimamishwa nyuma ya jiko la jirani, na kiingilio chake peremende.

Kesho yake nilikwenda kwa yule baba, peke yangu, bila kelele. Hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha, akanipa kiti. "Nilimwokoa," akasema, "vinginevyo angaliliwa." Nikamwambia, "Ndugu, moyo wako ulikuwa mwema, lakini mwindaji hakuuona moyo wako. Aliiona fedha yako. Ameenda kutafuta mwingine." Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema niwaite watu wa hifadhi.

Mtoto yule alipelekwa Lwiro. Wengi wenu mnapajua: ni pale kaskazini ya Bukavu ambako Wabelgiji walijenga majengo makubwa ya utafiti wa sayansi baada ya mwaka 1947. Tangu 2002 pana kituo cha kuwatunza sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Huko hupewa maziwa, dawa, na kilicho kikubwa zaidi, huunganishwa na wenzao. Kwa maana sokwe aliyelelewa peke yake hajui kuwa sokwe, kama vile mtoto wa mtu asiyesemeshwa asivyojua kusema. Kwa gorila yatima wa aina ya Grauer kiko kituo kingine, huko Kasugho katika nchi ya Lubero. Kumwachia yatima moja kwa moja msituni si kazi nyepesi. Katika miaka ya 1970 Deschryver alimbeba mtoto wa gorila hata karibu na kundi la dume Casimir. Mtoto alipolia, Casimir akaja kwa kishindo, na kundi likamchukua mdogo yule. Lakini hakuishi siku nyingi. Kung'oa ni rahisi. Kupanda tena ni kazi ya miaka.

Hema bila wanyama

Kuhusu sarakasi yenyewe, habari ni hizi. Mapatano ya dunia yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973 yalipiga marufuku biashara ya gorila na sokwe waliotekwa porini. Kundi la Ringling liliacha kuwachezesha tembo mwaka 2016, na mwaka 2017 likafunga hema lake. Mwaka 2023 lilirudi tena, lakini bila mnyama hata mmoja. Warukaji na wapanda kamba wameonekana kuwa wanatosha kuwashangaza watu. Nami naamini hivyo, maana nimewaona vijana wetu wakibiringika mchangani ufuoni mwa ziwa jioni, bila hema wala tiketi, na wazee wakisimama kuwapigia makofi.

Mpwa wangu hakuitupa ile picha. Aliibandika katika daftari lake. Chini ya picha, pale maneno ya gazeti yaliporaruka, aliandika kwa kalamu majina matatu: Gargantua wa Kameruni, M'Toto wa Afrika ya Ikweta, Congo wa Kivu. Akaacha mstari wa nne mtupu. Nilipomwuliza mstari ule ni wa nani, akajibu:

"Ni wa yule wa nyuma ya jiko, Mjomba. Lakini yeye hatutamwandika hapa."